Je, wajua kwa nini tovuti yako haionekani Google?

Tovuti inaweza kuwa hewani mwaka wa pili sasa, imepambwa na kulipiwa, na bado mtu akitafuta bidhaa unayouza asikuone kabisa. Hapo wengi humtafuta fundi anayeahidi nafasi ya kwanza. Google wenyewe wanasema hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia nafasi hiyo, kwa hiyo ukisikia ahadi hiyo, funga mkoba wako.

Anza kwa kuhakikisha kwamba Google inajua upo. Kwenye sehemu ya kutafutia andika site: na jina la tovuti yako bila kuacha nafasi, mfano site:jinalako.co.tz. Usipoona ukurasa hata mmoja, usihangaike kwanza na maandishi. Kabla ya kumwonyesha mtu ukurasa, Google huutumia programu yake iitwayo Googlebot ikausome, kisha huuweka kwenye faharasa yake. Asiyesomwa haorodheshwi. Kwenye WordPress, programu inayotumika kujenga tovuti nyingi, mkosaji wa kawaida ni kisanduku kimoja kilicho kwenye mipangilio, sehemu ya kusoma, kinachoziomba injini za utafutaji ziiache tovuti. Fundi hukitia alama wakati wa ujenzi, halafu siku ya kukabidhi kazi anasahau kuiondoa. Mkosaji mwingine ni faili la robots.txt, linaloziambia injini za utafutaji zisisome wapi, likiwa na mstari wa Disallow: / kwani alama hiyo moja ya mkwaju (/) hufungia Googlebot tovuti nzima.

Hilo likishatatuliwa, fungua Search Console. Ni huduma ya bure ya Google. Utathibitisha kwamba tovuti ni yako kwa kuongeza rekodi ya TXT (mstari mfupi wa maandishi ambao Google hukupa) kwenye DNS, yaani mipangilio ya jina la tovuti, kule ulikolisajili, kisha utawasilisha ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zake. Kwenye WordPress ramani hiyo hujitengeneza yenyewe na hukaa kwenye /wp-sitemap.xml.

Watu wengi huishia hapo, ilhali kazi yenye faida ndiyo kwanza inaanza. Ripoti ya utendaji ndani ya Search Console huonyesha maneno halisi ambayo watu waliyaandika wakakutana na kurasa zako, mara ngapi ulionyeshwa, mara ngapi ulibofywa na wastani wa nafasi yako. Kumbukumbu hizo hurudi nyuma hadi miezi 16. Chagua miezi mitatu ya mwisho, washa visanduku vyote vinne vya juu, kisha chuja maneno ambayo wastani wake uko kati ya 8 na 20. Hayo ni maneno ya watu ambao Google tayari inakuona unawafaa, ila uko chini mno wasikufikie. Kuupandisha ukurasa wa aina hiyo ni kazi nyepesi kuliko kuandika makala mpya kumi.

Tuseme unauza mabati Dar es Salaam. Ripoti inaonyesha kwamba "bei ya bati la msauzi" imekuonyesha mara 1,000 na kubofywa mara 4, yaani asilimia 0.4, ukiwa nafasi ya 11. Fungua ukurasa husika. Pengine kichwa chake ni "Karibu Kwenye Kampuni Yetu" na ndani mmeandika "suluhisho bora za uezekaji zenye viwango vya kimataifa". Mnunuzi hatafuti suluhisho, anatafuta bei. Badilisha kichwa kiwe "Bei ya bati la msauzi, geji 28 na 30, Dar es Salaam". Kikizidi herufi 60 hivi, kwa kawaida hukatwa kwenye matokeo, basi maneno ya maana yatangulie. Ndani weka jedwali: geji, urefu, rangi, bei kwa mita, na tarehe bei zilipopitiwa. Eleza mita ngapi zinahitajika kwa nyumba ya vyumba vitatu na usafiri ni nani analipa. Maswali ambayo wateja huuliza WhatsApp kila siku ndiyo maudhui yenyewe.

Kisha, kutoka kwenye kurasa zako nyingine, elekeza viungo hapo kwa maneno yanayoeleweka, kama "bei za msauzi", si "bofya hapa". Viungo kutoka tovuti za wengine vina uzito pia: mwombe kiwanda kinachokuuzia kikuorodheshe kati ya mawakala wake. Kununua viungo ni kinyume cha kanuni za Google, na wakubwa nao hawasazwi kwenye adhabu. Mwaka 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kwenye matokeo kwa hila nyingine, ya kuionyesha injini kurasa tofauti na zile walizoziona watu. Kuhusu lile sanduku la "maneno muhimu" lililofichwa kwenye msimbo wa ukurasa, Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba hailitumii kupanga nafasi. Bado wapo wanaotoza hela kulijaza.

Picha ndizo huchelewesha tovuti nyingi za kwetu. Picha iliyotoka kwenye simu ina megabaiti 3 au 4, na mgeni anailipia bando. Ipunguze iwe na upana wa pikseli 1,200 na uihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi. Mara nyingi itashuka chini ya kilobaiti 200. Lengo ni kitu kikubwa zaidi kilicho juu ya ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Kosa linalojirudia ni kuweka mpangilio wa kutopakia picha zote hadi mgeni azifikie, ikiwemo ile ya kwanza kabisa. Hiyo iachwe ipakiwe mara moja.

Usibadilishe anwani ya ukurasa unapouboresha. Ikilazimu, weka uelekezaji wa kudumu wa 301 kutoka anwani ya zamani, la sivyo viungo vyote vilivyoielekea vitaangukia ukurasa usiokuwepo. Ukimaliza, weka anwani hiyo kwenye kisanduku cha ukaguzi cha Search Console na uombe isomwe upya. Andika tarehe mahali, subiri wiki nne hadi sita, kisha linganisha vipindi viwili kwa neno lilelile. Nafasi ikipanda na mibofyo isiongezeke, kasoro iko kwenye kichwa. Nafasi isipopanda, soma kurasa tatu zilizo juu yako uone zimejibu nini ambacho wewe hukukijibu.