Je, Wajua Ndege Mbili Hutuaje Ubavu kwa Ubavu Bila Kugongana?

Mahujaji wa Lamu wanaporudi kutoka Makka huwa na mengi ya kusimulia barazani, na miongoni mwa hayo yapo yanayohusu safari yenyewe. Msafiri aliyekaa dirishani husema kwamba ndege yao ilipokuwa ikishuka kuelekea Jeddah aliona ndege nyingine ubavuni mwao, kwa kimo kilekile na mwendo uleule, nayo ikienda kulekule. Wasikilizaji hushangaa, na wana haki ya kushangaa, kwani kiwanja wanachokijua ni cha Manda, chenye barabara moja ya kurukia, ambapo ndege hutua, abiria wakateremka na kuelekea gatini kupanda boti ya kuvukia Lamu, na ndege nyingine ikangoja zamu yake. Malindi ina barabara mbili, lakini zinaelekea pande tofauti, kwa hiyo hakuna ndege mbili zitakazoziendea sambamba.

Uwanja wa Jeddah una barabara tatu zinazolingana uelekeo. Sababu ya kuzijenga hivyo ni zamu. Kila ndege inayotua huacha nyuma ya mabawa yake msukosuko wa hewa unaoweza kuipindua ndege ndogo inayoifuata, na pia huhitaji muda wa kupunguza mwendo na kuondoka barabarani. Kwa hiyo barabara moja ina kikomo cha ndege inazoweza kupokea kwa saa, hata waongozaji wa ndege walioko mnarani na kwenye rada wawe hodari namna gani. Barabara za namna hii hupewa namba moja inayotokana na nyuzi za dira, kisha hutofautishwa kwa herufi za kushoto, katikati na kulia. Mjini Atlanta, Marekani, ziko tano, na kwa kuwa herufi hizo hazitoshi, wenyewe wamezigawia namba 8, 9 na 10 ingawa zote zinatazama upande mmoja.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linataka barabara mbili sambamba ziachane angalau mita 1,035, toka mstari wa katikati wa moja hadi wa nyingine, ndipo ndege ziruhusiwe kuziendea kwa wakati mmoja bila moja kuisubiri nyingine. Umbali huo ni mkubwa kwa mtu anayetembea kwa miguu, lakini angani ni mdogo sana. Tena hautumiki wote. Katikati yake hutengwa ukanda wa marufuku wenye upana usiopungua mita 610, ambao ndege yoyote haitakiwi kuuingia kwa hali yoyote. Kinachobaki kwa kila ndege, kutoka kwenye mstari wake hadi ukingo wa ukanda huo, ni mita 212 tu.

Tupige hesabu kidogo. Ndege ya abiria inapokaribia kutua huwa na mwendo wa kama kilomita 260 kwa saa, yaani mita 72 kwa sekunde. Ikipotoka kwa nyuzi 30 kuelekea kwa jirani yake, itakuwa ikisogea pembeni kwa mita 36 kila sekunde. Ndani ya sekunde 6 itakuwa imegusa ukanda wa marufuku, na ndani ya sekunde 29 itakuwa imefika kwenye mstari wa mwenzake. Rada za kawaida za viwanja huonyesha picha mpya kila baada ya sekunde 5 hivi, kwa hiyo mwongozaji anaweza kuiona ndege ikiwa mahali pake, na inapoonekana tena ikawa imeshakaribia kuvuka. Ndiyo maana viwanja vingine ambavyo barabara zake zimekaribiana vimewekewa rada za kasi zaidi. Ukanda ule mtupu, kwa maoni yangu, ndio kiini cha mpango mzima, kwa sababu haukuwekwa ili utumike bali ili kununua sekunde za kufikiri, kusema, kusikia na kugeuza.

Hata hivyo, hatari kubwa haiko pale ndege zinapokwenda sawasawa. Watu wa Lamu wanaotazama mashindano ya mashua wanajua jambo hili bila kufundishwa: mashua mbili zinazokimbia sambamba huku tanga zimejaa upepo si za kutisha, lakini zote zikifika kwenye boya na kutaka kuzunguka, hapo ndipo watu husimama kutazama. Ndege nazo huja kutoka pande tofauti, moja mashariki na nyingine magharibi, na kila moja hulazimika kugeuka ili ishike mstari wa barabara yake. Ikichelewa kugeuka, itapitiliza moja kwa moja hadi upande wa mwenzake.

Kwa sababu hiyo, wakati wa kugeuka hazitegemei umbali wa pembeni. Moja huwekwa juu na nyingine chini, na tofauti ya kimo kati yao huwa angalau futi 1,000, ambazo ni kama mita 300. Pembe ya kuuendea mstari nayo haitakiwi kuzidi nyuzi 30, ili ndege isije kwa mkato mkali ikashindwa kujirudi. Tofauti hiyo ya kimo huondolewa tu baada ya zote mbili kushika miale ya redio inayozielekeza kwenye barabara zao. Kila barabara ina masafa yake ya miale na herufi zake za utambulisho zinazosikika kwa sauti za Morse, na rubani hutakiwa kuhakikisha kwamba anachokifuata ndicho alichopewa, kwa maana kosa la tarakimu moja kwenye masafa linaweza kumpeleka kwenye barabara ya jirani huku vyombo vyake vyote vikimwambia yuko sawa.

Zaidi ya hayo, kila mstari huwa na mwangalizi wake chumbani mwa rada, ambaye kazi yake ni kuutazama ukanda wa marufuku tu. Ana uwezo wa kukata mazungumzo ya mnara na kusema na rubani papo hapo. Ndege ikianza kupotoka, humwambia rubani wake arudi kwenye mstari. Ikiuingia ukanda, mwangalizi hapotezi muda kubishana nayo tena, bali huigeukia ndege ya pili, ile isiyo na kosa lolote, na kuiamuru igeuke mara moja na kupanda. Mtu anaweza kuona si haki kumfukuza aliye sawa, lakini aliyepotoka huenda hasikii, huenda chombo chake kimeharibika, na aliye sawa ndiye mwenye hakika ya kutii. Hata njia za kupaa tena, endapo ndege zote mbili zitashindwa kutua, hupangwa zitawanyike kwa angalau nyuzi 30.

Barabara zilizoachana chini ya mita 1,035 hazizuiliwi, ila sharti hubadilika. Zikiachana angalau mita 915, ndege huruhusiwa kuzikaribia kwa mshazari, moja ikitangulia na nyingine ikibaki nyuma kwa umbali uliopimwa na kulindwa kwa rada, badala ya kwenda bega kwa bega.

San Francisco ni habari nyingine. Barabara zake mbili za magharibi zimeachana mita 229 tu, na bado ndege hushuka pamoja. Hilo hufanyika hewa ikiwa safi, pale rubani anaposema kwamba anaiona ndege ya jirani na kukubali kujitenga nayo kwa macho. Ukungu wa bahari ukishuka, ruhusa hiyo huondoka na idadi ya ndege zinazotua hupungua sana.

Macho nayo yana mipaka. Tarehe 12 Mei 2021, katika kiwanja cha Centennial karibu na Denver, ndege ndogo aina ya Cirrus ilipitiliza mstari wake wakati wa kugeuka na kuigonga ndege ya mizigo aina ya Metroliner iliyokuwa ikielekea barabara ya sambamba. Cirrus ilishuka kwa mwavuli wake mkubwa, Metroliner ikatua ikiwa imepasuka mgongo, na watu wote watatu wakasalimika. Wachunguzi wa Marekani walikuta kwamba Cirrus ilikuwa na mwendo kupita uliopendekezwa, na kwamba rubani wa Metroliner hakuwa ameambiwa habari za ndege iliyokuwa pembeni yake.

Kinga ya mwisho imo ndani ya ndege zenyewe. Ndege kubwa hubeba chombo kinachozungumza na chombo cha ndege jirani na kuwaamuru marubani, mmoja apande na mwingine ashuke. Amri hiyo hutangulia neno la mwongozaji, kanuni iliyotiliwa mkazo baada ya ndege mbili kugongana juu ya Überlingen, Ujerumani, mwaka 2002 na kuua watu 71. Lakini chombo hicho hakitoi amri ya kugeuka kushoto wala kulia, na karibu na ardhi, chini ya futi 1,000 hivi, huacha kutoa amri kabisa. Katika dakika ya mwisho ya kutua, basi, hakina msaada.

Nairobi kwenyewe, uwanja wa Jomo Kenyatta umeendesha kazi zake kwa barabara moja, na mazungumzo ya kuuongezea ya pili yamekuwepo kwa miaka. Mwenye kuyafuatilia aulize kwanza zitaachana mita ngapi. Zikipungua mita 760, ule msukosuko wa hewa huhesabiwa kana kwamba barabara ni moja. Dubai, ambako wengi wa mwambao hubadilishia ndege, zimeachana mita 385, na kwa hiyo kazi hugawanywa: moja hupokea zinazotua, na nyingine hurusha zinazoondoka.