Kujisemea moyoni: sifa usizoziamini hazikusaidii

Kila inapokaribia 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, kitengo chetu cha unasihi huulizwa swali lilelile: niseme maneno gani kila asubuhi ili nijiamini? Wanaouliza wana nia njema, na tunafurahi wanapouliza. Lakini hatutoi orodha ya maneno, na sababu tumeshaieleza mara nyingi.

Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake nchini Kanada walichapisha utafiti kuhusu watu wasiojithamini. Waliotakiwa kurudiarudia kwamba wao ni watu wa kupendwa walijisikia vibaya kuliko wenzao wa hali hiyohiyo ambao hawakurudia. Ukijisemea jambo ambalo nafsi hailikubali, nafsi inaanza kukutolea mifano ya kulipinga.

Kufukuza mawazo nako hakufai. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwaomba watu wasimuwaze dubu mweupe kwa dakika tano, na kila akiwajia wagonge kengele. Waligonga. Baadaye waliporuhusiwa kumuwaza, akawajia kwa wingi kuliko wale waliomuwaza tangu mwanzo. Kwa hiyo tafadhali, tuache kuwaambia wagonjwa na jamaa zetu "usiwaze sana".

Tunachofundisha ni kuikamata sentensi unayojisemea moyoni inapopita. Daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck aliziona sentensi hizi kwa wagonjwa wake miaka ya 1960: fupi, za haraka, na mwenyewe huziamini bila kuzihoji. Fomu yetu ina safu tano, nayo ijazwe siku ileile ya tukio. Safu ya kwanza ni tukio: mkuu wako wa kazi amejibu ujumbe wako mrefu kwa neno moja, "Sawa." Ya pili ni sentensi yenyewe, neno kwa neno: "Ameshanichoka." Usiandike "stresi" wala "nilijisikia vibaya", hizo ni hisia, na fomu za namna hiyo tunazirudisha. Ya tatu, ushahidi unaoiunga mkono: neno lile moja tu. Ya nne, ushahidi unaoipinga: jana amekukabidhi kazi mpya, na yeye humjibu kila mtu hivyohivyo. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa mtu mwenye hofu huona kinachomtisha kwanza na mengine yakampita. Mpe mwenzako unayemwamini aisome safu hii kabla hujaifunga.

Ya tano ni sentensi mpya, nayo si lazima iwe tamu. "Sijui anawaza nini, kesho asubuhi nitamuuliza kuhusu ripoti" inatosha kabisa. Ina ukweli, na ina jambo la kufanya.

Ukiisema sentensi hiyo, jiite kwa jina lako badala ya "mimi". Utafiti wa mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa waliojisemesha hivyo kabla ya kuhutubia walihutubia vizuri zaidi na hawakujitesa sana baadaye.

Fomu hii haichukui nafasi ya matibabu, na anayetumia dawa asiziache kwa sababu yake. Huzuni au kukosa hamu ya mambo yote kukizidi wiki mbili, nenda kituo cha afya. Anayewaza kujiua asipewe fomu yoyote: apelekwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake njiani.