Kwa nini bendi ya We Are Lady Parts ina watu watano

Nahariri miswada ya vichekesho vya televisheni. Mwandishi akiniletea mswada wenye msichana Mwislamu, karibu kila mara msichana huyo yuko peke yake, kavaa hijabu yake katikati ya watu wasiofanana naye hata kidogo. Hapo hana nafasi ya kuwa mwoga, mwenye wivu au mwenye ndoto za kipuuzi, kwa sababu akiteleza yeye itaonekana Waislamu wote wameteleza. Anageuka balozi, na balozi hachekeshi.

Ndiyo maana kila mwandishi ninayefanya naye kazi namtuma akaangalie We Are Lady Parts, tamthilia ya vichekesho ya kituo cha televisheni cha Channel 4, Uingereza. Mtunzi wake ni Nida Manzoor. Alianza na kipande cha majaribio mwaka 2018, msimu wa kwanza ukatoka 2021 na wa pili 2024, kila msimu sehemu sita. Ni hadithi ya bendi ya panki, yaani muziki wa roki wa kasi na makelele, ya wanawake Waislamu jijini London, bendi inayotafuta mpiga gitaa.

Saira, mwimbaji, anafanya kazi kwenye bucha la nyama halali. Ayesha anapiga dramu na riziki yake ni kuendesha Uber. Bisma wa gitaa la besi ni mke na mama, na anachora vitabu vya katuni. Meneja wao, Momtaz, anavaa nikabu na kazi yake ya mchana ni kuuza nguo za ndani za wanawake. Anayekuja kuziba pengo la gitaa ni Amina, mwanafunzi wa PhD ya mikrobiolojia, shabiki wa Don McLean, mwimbaji mpole wa Kimarekani, ambaye hofu ya jukwaa humtapisha. Hawakubaliani juu ya mavazi, wanaume wala muziki wenyewe. Wanaswali pamoja, na swala ile haijawekwa pale ili tucheke. Kwa kuwa wako watano, hakuna hata mmoja anayelazimika kuwawakilisha wengine.

Tazama suala la ndoa. Mswada wa mazoea ungemweka baba mkali anayemlazimisha binti kuolewa. Hapa Amina mwenyewe ndiye anayemtafuta mume kwa udi na uvumba, na mama yake ndiye anayeshangaa haraka yote hii ni ya nini. Wanaomkaba roho ni rafiki zake, kina Noor, ambao mbele yao gitaa ni kitu cha kufichwa. Mgongano wa zamani umebaki, ila umehamishiwa pahala pengine, na kutoka hapo kila tukio linakuwa jipya.

Ninaupenda zaidi wimbo wao wa dada. Jina lake linatangaza kwamba hakuna atakayemuua dada yangu kwa kisingizio cha heshima ila mimi mwenyewe. Ukilisoma unajiandaa kwa habari nzito za magazetini, za mabinti wanaouawa na ndugu zao. Kisha Saira anafungua kinywa na kosa la dada linajulikana: kaiba wanja! Gitaa linanguruma, dramu zinapigwa kama mlango unaovunjwa, na ugomvi wenyewe ni ule wa asubuhi mbele ya kioo, anaoujua kila aliyekua na dada. Panki inafaa sana kwa kazi hii kwa sababu ni fupi, ya kasi, na huimba hasira ndogo kwa sauti ya hasira kubwa. Anayechekwa ni msikilizaji aliyekuja na mauaji yake tayari kichwani. Manzoor alizitunga nyimbo hizi pamoja na ndugu zake, na waigizaji wenyewe ndio wanaoimba na kupiga ala. Nadhani ndiyo sababu zinasikika kama nyimbo za watu waliozoeana.

Kwa Momtaz, angalia mvuke wa sigara ya kielektroniki unavyopenya kitambaa cha nikabu. Hakuna anayesimama kueleza kwa nini kaivaa. Lucie Shorthouse anamwigiza kwa macho, mabega na sauti, na anatupa mfanyabiashara mgumu kuliko wote kwenye bendi.

Tamthilia inajua pia hatari ya kuwafinyanga watano kuwa mmoja, na imeiweka ndani ya hadithi. Mwandishi wa mtandaoni, Zarina, anawahoji na kuwaaminisha kuwa yuko upande wao, kisha anawachora kama wasichana wabaya wa Uislamu. Matusi yanamiminika, na bendi inapasuka. Wanapopatana, wanaandaa onyesho lao wenyewe na kuimba We Are the Champions, utunzi wa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen na mzaliwa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nilifurahi mno kuusikia ukiimbwa na sauti zile.

Msimu wa pili unaenda mbali zaidi. Anatokea Sister Squire, mwanamuziki mkongwe anayechezwa na Meera Syal, na kumtaka Saira ajiulize nyimbo zake zinasema nini hasa, wakati kampuni ya rekodi ina masharti yake. Na kuna bendi nyingine ya wasichana Waislamu, Second Wife, wadogo kwa umri, waliokua wakiwapenda kina Saira. Sasa hata upekee wa bendi yenyewe umekwisha, na kina Saira wanaruhusiwa kitu ambacho balozi haruhusiwi kamwe: kuwaonea kijicho wasichana wanaowapenda.