Mabingwa wa uzito wa juu: yanayosemwa na yaliyotokea ulingoni

Mjadala wa nani bingwa bora wa uzito wa juu wa zama zote hauishi, na hakuna sababu uishe. Tatizo ni kwamba hoja nyingi hutokana na vipande vya video vya dakika mbili, na dakika mbili hazikuonyeshi raundi 12 zilizotangulia. Haya ni madai yanayorudiwa sana kuhusu mabondia Muhammad Ali, Rocky Marciano, Joe Louis na Mike Tyson, na jinsi mambo yalivyokuwa.

"Ali alijilaza kwenye kamba tangu mwanzo, akasubiri Foreman achoke"

Si tangu mwanzo, na wala hakukaa akisubiri. Alfajiri ya 30 Oktoba 1974 mjini Kinshasa, katika uwanja ambao leo unaitwa Stade Tata Raphaël, Ali aliianza raundi ya kwanza dhidi ya bingwa George Foreman kwa kushambulia, akirusha ngumi za kulia bila kutanguliza kushoto. Ni ngumi ya hatari kwa anayeirusha. Mkono wa kulia unatoka nyuma, safari yake ni ndefu, na mpinzani akiuona mapema anakujibu ukiwa wazi. Foreman hakuitarajia, akazila kadhaa.

Kilichomfanya Ali abadili mpango ni miguu. Foreman alijua kukata ulingo: hakumfuata kwa nyuma, alikanyaga pembeni na kumzibia njia, hivyo Ali akawa anapiga hatua nyingi kila Foreman alipopiga moja. Kwenye sakafu laini na joto lile, mtu wa miaka 32 asingefika raundi ya 15 akicheza namna hiyo mbele ya kijana wa miaka 25 mwenye ushindi 40, kati yake 37 kwa KO, yaani kummaliza mpinzani kabla ya raundi kuisha. Ndipo akaenda kambani kwa hiari yake.

Sasa tazama anachofanya akiwa pale. Viwiko vimebana mbavu, glavu zimefunika uso, na kiwiliwili kinaegemea nje ya kamba ili ngumi za kichwa zipite hewani. Foreman akisogea, Ali anamkamata shingo na kumkandamizia uzito wake. Mwishoni mwa raundi anatoka na mfululizo wa ngumi za haraka usoni. Foreman alipoangushwa katika raundi ya 8, kadi zote tatu za kuandikia pointi zilionyesha Ali akiongoza. Mtu anayepokea kipigo tu haongozi kwenye kadi tatu.

Kuhusu kamba zenyewe, wengi husema kocha Angelo Dundee alizilegeza makusudi. Dundee alikana miaka yote, akieleza kwamba yeye alizikaza kabla ya pambano. Maelezo hayo yanaingia akilini: kamba hulegea kwa joto na unyevu, na usiku ule ziliegemewa na mtu wa kilo 98 raundi baada ya raundi.

"Marciano hakuwahi kupigwa, basi ndiye mkubwa kuliko wote"

Rekodi ni ya kweli: mapambano 49, ushindi 49, KO 43. Ila hapa kuna mambo mawili ambayo shabiki anapaswa kuyajua kabla ya kuitumia kufunga mjadala.

La kwanza, hakumnyang'anya Joe Louis ubingwa. Walipopigana 26 Oktoba 1951 Louis alikuwa na miaka 37, hakuwa na mkanda, na alikuwa amerudi ulingoni baada ya kustaafu. Mkanda Marciano aliutwaa kwa Jersey Joe Walcott, Philadelphia, 23 Septemba 1952, na ilibaki kidogo tu aukose. Raundi ya kwanza Walcott alimwangusha kwa ngumi ya kushoto. Hadi raundi ya 12 inamalizika, Walcott alikuwa mbele kwenye kadi zote tatu. Raundi ya 13 Marciano akampata na ngumi fupi ya kulia karibu na kamba. Walcott akashuka taratibu, mkono wake wa kushoto ukibaki umening'inia kwenye kamba, na pambano likaishia hapo.

Enzi hizo pambano la ubingwa lilikuwa la raundi 15. Lingekuwa la raundi 12 kama leo, Walcott angebaki bingwa na rekodi ya 49 bila doa isingekuwepo. Raundi zilianza kupunguzwa baada ya bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, kufariki kufuatia pambano lake na Ray Mancini mwezi Novemba 1982. Kati ya mashirika yanayotoa mikanda ya ubingwa, WBC walibadili sheria kwanza, WBA na IBF wakafuata miaka ya mwisho ya muongo ule. Kwa hiyo ukilinganisha bingwa wa 1952 na wa 2002, unalinganisha mchezo wenye dakika tisa zaidi, na hizo ndizo dakika ambazo mtu mwenye pumzi kama Marciano alizifanyia mazoezi.

La pili ni uzito. Siku ile ya Walcott, Marciano alikuwa na kilo 84 hivi. Leo uzito wa juu unaanzia zaidi ya kilo 90.7, na Marciano angepigana daraja la chini yake, la cruiser, ambalo zama zake halikuwepo. Hilo halimpunguzii heshima, kwani aliwakuta wapinzani wa zama zake na akawamaliza. Na msikimbilie kusema mkubwa lazima ashinde. Oleksandr Usyk alitokea daraja hilohilo la cruiser, akampiga Tyson Fury kwa pointi mjini Riyadh 18 Mei 2024 akiwa amezidiwa kilo 17 hivi.

"Joe Louis alitetea mkanda mbele ya vibonde"

Alitetea mara 25 mfululizo, tangu 1937 hadi alipostaafu 1949. Ndani ya orodha hiyo wapo dhaifu, hilo halifichwi. Lakini wamo pia Max Schmeling, aliyekuwa amempiga Louis kwa KO mwaka 1936 na akamalizwa kwa sekunde 124 kwenye marudiano ya 1938, na Billy Conn.

Conn, aliyekuwa bingwa wa daraja lililo chini ya uzito wa juu, alikuwa mbele kwenye kadi mbili na sare kwenye moja baada ya raundi 12, tarehe 18 Juni 1941. Alichohitaji ni kuendelea kucheza kwa miguu. Badala yake akaingia kutafuta KO, akasimama mbele ya ngumi fupi na sahihi kuliko zote za zama zile, na akahesabiwa zikiwa zimebaki sekunde 2 raundi ya 13 iishe. Kwa sheria za leo, utawala wa Louis ungekatikia hapo.

"Tyson wa ujana wake alimaliza kila mtu mapema"

James Tillis na Mitch Green walifika naye raundi zote 10 mwaka 1986. Mwaka 1987, akiwa tayari bingwa kijana kuliko wote katika historia ya uzito wa juu, James Smith na Tony Tucker walimaliza naye raundi 12. Smith alifanikiwa kwa kumkumbatia usiku kucha, hadi akakatwa pointi. Haikupendeza, ila ilionyesha njia: Tyson alihitaji nafasi ya kupiga kwa mfululizo, na aliyembana mikono alimpunguzia nusu ya silaha zake.

Buster Douglas alifanya vizuri zaidi, akamshinda, Tokyo, 11 Februari 1990. Mikono yake ilimzidi Tyson urefu kwa takriban sentimita 30, na alitumia ngumi ya kushoto iliyonyooka kumzuia asiingie ndani. Kona ya Tyson, yaani wasaidizi wake, nayo ilikuja bila kile kipande cha chuma baridi cha kukandamizia uvimbe. Walijaza maji ya barafu kwenye glavu ya mpira na kuishikilia usoni, jambo lisilotosha, kwa sababu uvimbe unahitaji baridi pamoja na mgandamizo mgumu ili damu isukumwe mbali na jicho. Jicho likafumba, na bondia mwenye jicho moja hapimi umbali.

"Douglas alipaswa kutolewa raundi ya 8, alikaa chini zaidi ya sekunde 10"

Kwa saa ya televisheni, ndiyo. Lakini aliyeanguka hapigani na saa, anapigana na hesabu ya mwamuzi. Mwamuzi Octavio Meyrán alianza kuhesabu nyuma ya mtunza muda, na Douglas, macho yakimwangalia, akasimama kwa hesabu ya tisa. WBC na WBA walisita kumtambua kama bingwa, kisha wakamkubali ndani ya siku chache.

Vivyo hivyo Chicago, 22 Septemba 1927. Gene Tunney alianguka raundi ya 7, na Jack Dempsey akagoma kwenda kona ya mbali. Mwamuzi hakuanza hesabu hadi alipokwenda, na hapo zilipotea sekunde kama tano. Sheria ilikuwa imeelezwa kwa pande zote kabla ya pambano. Tunney alisimama kwa tisa, akamwangusha Dempsey raundi ya 8, na akashinda kwa pointi.