Mwanachuo, Anzia Mtaa Unakoishi

Malalamiko ya wenyeviti wa mitaa yanayofika idara yetu ya maendeleo ya jamii yanazidi kuongezeka, na yote yanafanana. Vijana wa chuo wamekuja na fulana za kampeni, wamepanda miti, wamepiga picha na watoto, wameondoka. Ofisi ya mtaa hawakupita, na hakuna aliyerudi. Nia yao siitilii shaka hata kidogo. Dodoma ina bahati kuwa na vijana wa vyuo vya UDOM, St. John's, Mipango, CBE na Hombolo. Kinachotusumbua ni kwamba wanaingia mtaani kama wageni, wakati wao ni wakazi.

Mwanachuo aliyepanga chumba Ng'ong'ona na ametimiza miaka 18 anaruhusiwa kuhudhuria mkutano mkuu wa mtaa, kuuliza na kupendekeza. Mapato na matumizi husomwa pale pale. Wanafunzi wangapi huenda? Mwanafunzi wa uhasibu akikaa muhula mzima na kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa, akawaelekeza kutunza daftari la hisa na mikopo mpaka katibu wao akaweza mwenyewe, ameacha kitu. Wa Mipango wanaifahamu O&OD, yaani mbinu ya wananchi kupanga maendeleo yao kwa kuangalia fursa na vikwazo walivyo navyo, kuliko watu wengi; wamsaidie mtendaji siku wananchi wanapoibua miradi yao.

Badala yake, wengi huja kwetu na ombi moja: "Tunataka kusajili NGO." Ndugu zangu, kumfundisha mtoto wa jirani kusoma hakuhitaji cheti wala mfadhili. Shirika linakuja baadaye, kazi ikishakua. Ikifika hapo, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inawahusu. Andaeni katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye majina na saini, na wasifu wa viongozi wenye picha, kisha mpitie kwa msajili msaidizi, yaani ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya au mkoa. Tangu marekebisho ya 2019 cheti hudumu miaka 10, lakini ripoti na ada ni za kila mwaka. Anayeendesha shirika bila usajili anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo vijana wametengewa asilimia 4: haina riba, lakini ni mkopo na hurejeshwa. Tumelisema hili mara nyingi mno.

Miti nayo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Mche unaopandwa Juni 5, Siku ya Mazingira, unaingia kiangazi moja kwa moja, na asiye na mpango wa kumwagilia asiupande. Kuna njia inayofaa zaidi hapa kwetu, kisiki hai. Unatafuta kisiki kinachochipua shambani, unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogolea mengine, unakiwekea alama na kukilinda na mifugo. Mizizi yake tayari iko chini sana, kwa hiyo hakingoji ndoo ya mtu. Ila shamba lina mwenyewe. Nenda naye, na umsikilize, maana yeye ndiye anayejua mbuzi hupita wapi.

Kuhusu watoto sina utani. Taarifa za mtoto, picha zikiwemo, zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Pateni kwanza ridhaa ya mzazi au mlezi. Na ukisikia kuna mtoto anaandaliwa kukeketwa, usimwandike mtandaoni, wala usiende kumtorosha usiku. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa serikali za mitaa. Piga 116, bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, kifungo chake ni miaka 5 hadi 15.

Mnaopanga shughuli muhula huu, leteni kwa mtendaji wa mtaa barua ya utambulisho kutoka kwa mlezi wa wanafunzi. Itaje majina, kazi, muda, na nani mtaani ataendelea na kazi hiyo chuo kikifungwa. Barua isiyojibu swali hilo la mwisho tutairudisha.