Pete Kwenye Papai: Tunayoyaamini Kuhusu Virusi vya Miti ya Matunda, na Ukweli Wake

Mama mmoja kutoka pande za Kitengela alinijia na jani la mpapai ndani ya karatasi ya mkate, mdomo wa karatasi ukiwa umefungwa kwa uzi. Jani lilikuwa limekunjamana pembeni, kijani na manjano vimechanganyika kama leso iliyochuja. Alikuwa amenyunyizia dawa tatu kutoka agroveti, moja baada ya nyingine. "Mwanangu, niambie tu ya nne ni ipi," akasema.

Kazi yangu ni kupima magonjwa ya mimea hapa Nairobi. Swali kama lake huniumiza kila ninapolisikia, maana pesa zimeshatoka mfukoni kabla mtu hajajua anapigana na nani. Hasara nyingi za namna hiyo hutokana na mambo tunayoyaamini kuhusu virusi vya miti, na hili hapa ndilo kubwa kuliko yote.

"Ugonjwa ni mmoja, kwa hiyo kirusi ni kimoja"

Papai likitoka madoa ya pete kwenye ganda, karibu kila mtu atakitaja PRSV, kirusi cha madoa ya pete ya papai, kile kilichoangamiza mipapai ya Hawaii katika miaka ya 1990. Hapa Kenya tuliishi na imani hiyo kwa muda mrefu. Shida ilikuwa kwamba vipimo vilivyotengenezwa kukitafuta PRSV havikutoa jibu la kueleweka. Mti unaonekana wazi kwamba unaugua, ila kipimo kinasuasua.

Ndipo watafiti wakachukua njia nyingine. Walikusanya majani ya mipapai kutoka kaunti 22, kisha badala ya kuuliza kama PRSV kimo au hakimo, wakasoma maandishi yote ya kijenetiki yaliyokuwa ndani ya majani hayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kati ya sampuli 48 zilizosomwa, 38 zilikuwa na virusi, na PRSV hakikuonekana hata katika moja. Kilichokutwa kikiandamana na zile pete za kwenye matunda ni MWMV, kirusi cha mozaiki ya tikitimaji chenye jina la Morocco. Pamoja nacho kulikuwa na vingine vitatu vya jamii moja: kimoja kilishajulikana kwenye kunde, na viwili vilikuwa vigeni kwa sayansi.

Kwangu mimi, hili ndilo jambo ambalo kila mwenye mpapai nchini alistahili kuambiwa siku lilipotoka. Pete kwenye ganda ni dalili tu, na dalili moja inaweza kuletwa na virusi tofauti kabisa.

"Kipimo kimesema hakuna kitu, basi mti ni mzima"

Hili ni jirani wa lile la kwanza. Kipimo cha maabara kiitwacho PCR hutafuta kipande mahususi cha maandishi ya kirusi kinachotafutwa. Ukikitafuta PRSV ndani ya mti wenye MWMV, jibu litakuwa "hakuna", na litakuwa jibu la kweli kwa swali lililokosewa. Hata ndani ya kirusi kimoja, aina zake zikitofautiana hasa pale kipimo kinaposhika, kipimo hupita bila kuziona. Kwa hiyo mtu akiniletea cheti cha mche kisicho na ugonjwa, huwa naangalia kwanza ulipimwa kwa ajili ya nini.

"Tukileta papai la Hawaii mambo yataisha"

Papai la Rainbow lilianza kupandwa Hawaii mwaka 1998, na kweli liliokoa kilimo cha kule. Mmea wake uliwekewa kipande cha jeni kutoka kwa kirusi chenyewe. Ukiwa na kipande hicho, mmea huyatambua maandishi yanayofanana nacho na kuyakatakata kabla hayajaleta madhara. Uzito wote uko kwenye neno "yanayofanana". Rainbow linakizuia PRSV cha Hawaii vizuri sana, lakini lilipojaribiwa kwa virusi vya PRSV kutoka Taiwan na Thailand, liliugua. Ikiwa ndugu wa damu wanaweza kupenya hivyo, MWMV, ambacho ni kirusi kingine kabisa, hakina hata haja ya kubisha hodi.

"Virusi ni vijanja, hujibadilisha ili kuikwepa dawa"

Dawa za agroveti haziui virusi, kwa hiyo hakuna cha kukwepa. Virusi vingi vya miti ya matunda vimeandikwa kwa RNA, aina mojawapo ya maandishi ya kijenetiki, na vinapojinakili hufanya makosa bila kuyasahihisha, kama mwanafunzi anayenakili ubaoni bila kurudia kusoma. Kwa kawaida kosa huwa moja katika kila herufi 10,000 hadi 1,000,000. Kirusi cha tristeza cha michungwa kina herufi zaidi ya 19,000. Zidisha hesabu hiyo kwa mabilioni ya nakala ndani ya mti mmoja utaona kwamba kinachoishi humo ni umati wa nakala zinazokaribiana. Makosa mengi huharibu nakala yenyewe na kufia hapo. Machache huisaidia, nayo ndiyo hubaki.

Njia ya pili ni kubadilishana vipande. Virusi viwili vya aina tofauti vikikutana ndani ya seli moja, nakala mpya inaweza kuanza na mwili wa huyu na kumalizia na wa yule. Kirusi cha sharka, kinachoharibu plamu na pichi Ulaya, kina aina mashuhuri za D na M, na kina aina ya tatu iliyozaliwa kwa kuchanganyika kwa hizo mbili. Aina hiyo nayo imeenea kwenye mashamba kivyake.

Sasa fikiria maisha ya mti. Sukuma wiki utaing'oa baada ya misimu michache, na kilichokuwa ndani yake kinakwenda nayo. Mchungwa unaweza kusimama shambani miaka 30 au zaidi. Kila mara vidukari wanapotua, na kila kijiti kinapopandikizwa, kuna nafasi ya aina nyingine kuingia bila ile ya kwanza kutoka. Mti mkongwe unakuwa ghala la virusi.

"Tristeza ikiingia shambani, michungwa yote itakufa"

Inategemea ni tristeza gani, na mchungwa umesimama juu ya shina gani. Jina hilo ni la Kireno, maana yake huzuni, na wakulima wa Brazil walikuwa na sababu ya kulitumia. Katika miaka ya 1930 mamilioni ya miti yalianza kukauka huko na Argentina. Miti hiyo ilikuwa imepandikizwa juu ya mdanzi, yaani mchungwa wa matunda machungu, na kirusi kiliua mishipa ya chakula pale machungwa yalipoungana na mdanzi, mizizi ikafa njaa. Hapa kwetu michungwa mingi hupandikizwa juu ya mlimau wa ganda la matuta, ambao huvumilia hali hiyo. Mti unaweza kubeba kirusi kwa miaka na bado ukazaa.

Mlimau huo, hata hivyo, si kinga ya kila kitu. Kuna aina za tristeza zinazochimba mashimo kwenye mbao za shina chini ya gome, mti unadumaa na matunda yanakuwa madogo, hata mizizi ikiwa ya mlimau. Bandua kipande cha gome kwenye tawi la mti unaoutilia shaka, na mashimo hayo utayaona na hata kuyapapasa kwa kidole.

Tangu miaka ya 1960 Brazil imekuwa ikiiambukiza michungwa yake ya aina ya Pera, kwa makusudi, aina pole ya tristeza ili kuizuia ile kali, na imewafaa. Nimewahi kuulizwa kwa nini tusiagize hiyo aina pole. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba kirusi kilichotangulia hufungia mlango aina yake tu. Aina ya ukoo mwingine huingia kama kwamba hakuna mtu nyumbani. Kinga inayofaa São Paulo inaweza isiwe na kazi Makueni, tena ukileta kirusi kutoka nje unakuwa umeongeza mgeni mwingine kwenye ghala lile lile. Mimi sitaki ije.

"Michungwa ikigeuka manjano ni virusi"

Mara nyingi katika sehemu zetu za juu, zenye baridi, ni ugonjwa wa kijani wa machungwa, na huo huletwa na bakteria wanaosambazwa na kidudu kidogo kinachofyonza utomvu. Upungufu wa zinki pia hufanana nao. Pima kwanza.

"Mti unapendeza, kata kijiti hapo"

Hii naisikia zaidi kwenye biashara ya miche ya avokado, ambayo imeshamiri kuanzia kando ya Ngong Road mpaka Thika. Avokado ina ugonjwa wa ajabu unaoitwa sunblotch, na kinachouleta ni kidogo hata kuliko kirusi: uzi wa RNA wa herufi 247 hivi, usio na ganda wala protini yoyote. Kuna miti inayoubeba maisha yake yote bila doa hata moja, na hiyo ndiyo inayopitisha zaidi kwenye mbegu zake. Mwenye kitalu anayechagua mti mama kwa macho anaweza kuchagua hasa huo. Husafiri pia kwenye makali ya kisu, kwa hiyo kukichovya kisu kwenye jiki kabla ya kuhamia mti mwingine si kupoteza muda.

Hilo ndilo linalofanya swali la mti mama liwe na thamani. Ukinunua mche, uliza kijiti kilitoka mti gani, ulipimwa lini na kwa magonjwa yapi. Muuzaji aliyesajiliwa na KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, anapaswa kuwa na la kukuonyesha.

"Ukila tunda lenye virusi utaugua"

Hapana. Virusi vya mimea havimwambukizi binadamu. Papai lenye pete huenda likakosa utamu, basi.

"Dawa ya vidukari itakinga mpapai"

Narudi kwa yule mama. MWMV ni cha kundi la virusi ambavyo kidukari huvibeba kwenye mdomo tu. Huvichota kwa sekunde chache na kuviacha kwa sekunde chache, akionja mti mmoja na kuruka kwenda mwingine. Dawa itamuua, lakini atakuwa ameshaonja. Na mti ukishaambukizwa shambani hakuna cha kunyunyizia kitakachouponya. Nilimwambia aing'oe mipapai iliyougua. Alinyamaza muda mrefu, maana mipapai hiyo ilikuwa ndiyo imeanza kubeba.

Kisha nikamuuliza nini kingine kimepandwa pale. "Maboga," akasema, "natumia majani yake kama mboga." Jamii ya maboga na matikiti ndiyo makao ya zamani ya MWMV, kabla hakijajulikana kwenye mipapai yetu. Nikamwomba wiki ijayo aniletee jani la boga, lolote lenye mabaka, katika karatasi yake mwenyewe, lisichanganywe na la mpapai.