Kipindupindu na duka la dawa: maswali na majibu

Swali: Duka langu ni la binafsi. Mlipuko wa kipindupindu unanihusu nini?

Unakuhusu sana. Anayeanza kuharisha huja kwako kabla ya kwenda zahanati, kwa sababu uko karibu na huna foleni. Serikali ina kambi za matibabu, dripu na maabara. Wewe unamwona mgonjwa wa kwanza wa mtaa. Ushirikiano wa serikali na sekta binafsi unaanzia hapo kaunta. Na janga hili si geni: janga la saba la kipindupindu duniani lilianza Indonesia mwaka 1961, na mpaka leo halijaisha.

Swali: Mteja anaharisha, anataka vidonge vya Flagyl. Nimuuzie?

Hapana. Flagyl haitibu kipindupindu. Dawa ya kufunga tumbo ndiyo usiiguse kabisa. Kinachoua ni kuishiwa maji na chumvi; aliyezidiwa hupoteza hata lita moja kwa saa. Hakuna kidonge cha kungojea nyumbani.

Swali: Nimpe nini, basi?

ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Pakiti nzima kwenye lita moja ya maji safi, yaani chupa mbili za nusu lita. Tafadhali, msiwaruhusu akina mama kumimina pakiti kwenye kikombe: chumvi inakuwa kali na mtoto anazidi kuumia. Kila anapoharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 anywe mililita 50 hadi 100. Wa miaka 2 hadi 9, mililita 100 hadi 200. Mkubwa, kadiri anavyoweza. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha rudia kijiko kwa kijiko. ORS iliyochanganywa ikipitisha saa 24 imwagwe.

Swali: Akipata nafuu kidogo, si aende kesho?

Asingoje kesho! Choo kama maji ya kuoshea mchele, macho yamezama, mkojo umekatika, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi: aende sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane, akinywa ORS njiani. Anayewahi matibabu hupona karibu kila mara. Anayengoja asubuhi anaweza asiione.

Swali: Zahanati yetu ya binafsi ina dripu. Haitoshi?

Hesabuni kwanza. Mtu mzima wa kilo 50 aliyeishiwa maji anahitaji lita 5 za Ringer (maji ya dripu yenye chumvi) ndani ya saa 3, lita moja na nusu kati ya hizo katika dakika 30 za mwanzo. Hizo ni chupa 10 za nusu lita. Kumtundikia chupa moja na kumwambia alale ni kumchelewesha tu. Kama hamna za kutosha, anzeni mlizo nazo na gari liitwe wakati huohuo.

Swali: Nikitoa taarifa, wateja si watanikimbia?

Ukificha, utawazika. Kipindupindu hutolewa taarifa ndani ya saa 24, na zahanati ya binafsi inawajibika sawa na ya serikali. Kwa Tanzania, piga 199, bure, au mwone mganga mkuu wa wilaya. Taja umri, mtaa, saa alipoanza kuharisha na maji ya kunywa anayachota wapi. Usingoje mgonjwa wa pili.